Chupa Arobaini na Mbili

Mwantumu binti Matano alikuwa mbishi, na watu wa Rujewa walikuwa wamekwisha kulizoea jambo hilo. Ukimwambia leo kuna baridi, angetoa mkono nje ya kanga aupime upepo mwenyewe. Mama yake alisema ubishi huo utamchelewesha kuolewa. Mwantumu alijibu kwamba hana haraka.

Mwaka ule wa 1956 alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alisoma katika shule ndogo yenye mwalimu mmoja, iliyojengwa kando ya mfereji, mwendo wa nusu saa kutoka sokoni. Kila asubuhi, kabla ya kengele, yeye na mdogo wake Mrisho walipitia kwanza shamba la mpunga la baba yao kuamia ndege. Walisimama ndani ya maji yaliyowafika magotini, wakagonga makopo na kupiga kelele mpaka ndege wakahamia shamba la jirani. Kisha walinawa uso na miguu mferejini, wakachukua vitabu vyao juu ya tuta na kukimbilia shule. Watoto wote wa pale waliishi hivyo. Maji ya mfereji yaliulisha mpunga, na mpunga ulimlisha kila mtu, kuanzia mkulima hadi dereva wa lori aliyepeleka magunia Mbeya.

Mrisho alikuwa na miaka kumi. Zamani alimshinda dada yake mbio hadi mlangoni mwa darasa. Siku hizi alibaki nyuma, akitembea ameinama, mkono tumboni. Mwantumu aliijua sababu, kwa kuwa mara nyingi alimsikia akilia chooni, nyuma ya uzio wa mabua. Mrisho alikuwa akikojoa damu.

Wavulana wa pale hawakuuona kuwa ni ugonjwa. Walisema mvulana akianza kukojoa mkojo mwekundu basi amekomaa, na aliyechelewa walimcheka. Hata wazee kadhaa waliamini hivyo, maana na wao walipitia huko huko.

"Mdogo wako sasa ni mwanamume," wavulana walimwambia Mwantumu.

"Mwanamume gani huyo analia chooni?" aliwauliza. Wakaenda zao kuogelea.

Jumatatu moja aliteremka kutoka kwenye lori la Mbeya mtu mwembamba mwenye miwani. Alikuwa amekumbatia sanduku la mbao, wala hakukubali mtu yeyote amsaidie kulibeba. Huyo aliitwa Bwana Saulo, msaidizi wa maabara aliyetumwa na serikali kuchunguza ugonjwa wa kichocho. Ndani ya sanduku mlikuwa na hadubini, chombo kinachokuza vitu vidogo hata vikaonekana kwa macho. Alifikia katika zahanati iliyo karibu na soko. Siku ya pili alikuja shuleni, akasimama mbele ya wanafunzi pamoja na Mwalimu Sedekia.

"Ninazunguka nchi hii, milimani na mabondeni," aliwaambia. "Nimetoka Uyole, na Alhamisi nitapanda lori la Iringa. Kila mahali nauliza swali moja tu. Nani ana kichocho? Palipo na wagonjwa ndipo dawa itakapoletwa. Pasipo na wagonjwa hakiletwi kitu. Kesho saa sita mchana, saa ambayo mayai ya ugonjwa hutoka zaidi, mtakimbia kuuzunguka uwanja mara tatu ili kuyatikisa, halafu kila mtu atajaza chupa yake. Chupa yake mwenyewe. Mmenisikia?"

"Ndiyo, bwana," wanafunzi wote arobaini na wawili waliitikia kwa sauti moja. Kuitikia hakumchoshi mtu.

Kabla ya jua kutua, uvumi ulikuwa umekwisha kuzunguka kila mahali. Wa kwanza ulisema kwamba atakayeonekana na kichocho atachomwa sindano kumi na mbili, za mshipani, zenye kutapisha. Huo ulikuwa na ukweli ndani yake. Wa pili ulisema serikali itafunga mifereji yote, na mwaka huo hakutakuwa na mpunga. Huo haukuwa na kichwa wala miguu, lakini ndio uliotembea haraka zaidi.

Kiranja wa shule aliitwa Marcelino, kijana mrefu aliyependa sana kuitisha mikutano. Jumatano asubuhi aliitisha mmoja nyuma ya darasa.

"Tumtafute mtu mmoja mzima," alisema. "Mkojo wake uingie kwenye chupa zote. Bwana Saulo atakuta hamna kitu, ataondoka zake. Nani hajaingia mferejini tangu azaliwe?"

Watu waligeuka kumtazama Isakwisa. Alikuwa amekuja kutoka Uyole wiki mbili tu zilizopita, kuishi kwa mjomba wake. Aliyaogopa maji ya bonde hili la Usangu kwa sababu aliambiwa yana viboko.

"Mwe, mimi?" Isakwisa alisema. "Chupa zote hizo?"

"Utakunywa maji," Marcelino alimjibu.

Basi Isakwisa akanywa maji. Alikunywa mtungi wa shule ukabaki robo, mpaka tumbo likalia kila alipogeuka. Saa sita walikimbia kuuzunguka uwanja mara tatu kama walivyoagizwa, Mwalimu Sedekia akihesabu mizunguko. Isakwisa alikimbia kwa taabu kubwa kuliko wote. Kisha walikwenda nyuma ya uzio. Kopo la samli likajazwa, likapita kwa wavulana, halafu likapitishwa upande wa wasichana. Lilipofika kwenye chupa ya thelathini na tatu lilikaribia kuisha, wakaongeza maji ya mtungi.

Mwantumu aliinua chupa yake, nayo ikajazwa. Lazima tuliseme hili wazi, kwa sababu yeye mwenyewe baadaye hakulificha. Aliogopa sindano. Pia wasichana pale shuleni walikuwa tisa tu, na hakutaka kuwa peke yake anayezungumzwa. Aliandika jina lake kwenye karatasi ya chupa kwa herufi nzuri, akaiweka mezani pamoja na nyingine.

Jioni ile Bwana Saulo alimaliza kuzipima. Alimwambia Mwalimu Sedekia kwamba chupa zote arobaini na mbili ni safi, hakuna yai hata moja la kichocho, na kwamba jambo hilo linamshangaza. Habari zikafika sokoni mara moja.

Matano, baba yao akina Mwantumu, alikuwa mfanyabiashara wa mpunga mwenye duka sokoni. Babu zake walitoka pwani, naye alikuwa mtu wa kanzu safi na maneno machache. Alirudi kutoka msikitini baada ya sala ya magharibi akiwa na uso mkunjufu.

"Alhamdulillahi," alimwambia mkewe. "Mifereji imesalimika. Yule bwana kesho anaondoka."

Mrisho hakula. Alikaa ameegemea ukuta, na alipotoka kwenda chooni alichukua muda mrefu. Aliporudi alikuwa na machozi.

"Inawasha kama pilipili, dada," alimnong'oneza.

Chakula kikamshinda Mwantumu. Aliweka tonge chini.

"Baba, zile chupa ni za uongo. Mkojo wote ni wa Isakwisa. Na Mrisho anaumwa."

Matano alisogeza sahani kando. Kisha akasema taratibu, "Najua kama anaumwa. Mama yako anamchemshia mizizi. Hata mimi nilipokuwa kijana kama yeye niliona damu, na leo niko hapa. Unajua ni nyumba ngapi zinakula kwa ule mfereji?"

"Najua, baba. Lakini yule bwana alisema dawa inaletwa penye wagonjwa. Akituandika wazima, hailetwi."

"Mwantumu. Maneno ya mkojo hayatoki nje ya nyumba hii. Nimemaliza."

Mwantumu alikuwa hajawahi kumvunjia baba yake amri. Alibisha sana, ndiyo, lakini mwishowe alitii, na baba yake alilijua hilo. Usiku ule alilala akiwa na hasira, na hasira kubwa zaidi ilikuwa juu yake mwenyewe. Nani aliyeinua chupa ile? Hakuna aliyemshika mkono.

Alhamisi hakwenda shule. Alisubiri hadi jua lilipofika utosini, akatoa chupa ya mafuta ya nywele aliyokuwa ameiosha na kuichemsha. Akamwita Mrisho.

"Kimbia mpaka kwenye mti ule na kurudi, mara tatu. Ukishindwa tembea. Halafu jaza hii."

"Baba atatupiga."

"Atanipiga mimi. Wewe kimbia."

Mrisho alirudi akihema, akaenda nyuma ya uzio. Chupa ilirudi ikiwa na rangi ya maji yaliyooshewa nyama. Mwantumu aliishika mkononi bila kuifunika. Angeweza kuificha ndani ya kanga, na mama yake, aliyesimama mlangoni akiona yote, alimsihi afanye hivyo.

"Angalau ifunike, mwanangu. Watu wataona."

"Waone, mama. Wanayo kama hii majumbani mwao."

Mama hakumzuia. Alimshika Mrisho begani, akabaki akiwatazama.

Njia ya zahanati ilipita katikati ya soko. Saa hiyo soko lilikuwa limejaa wakulima, wafugaji waliokuja na ng'ombe, na wanawake wenye vikapu vya dagaa. Mwantumu alipita katikati yao akiwa amenyanyua kichwa, chupa mkononi. Mtu mmoja alicheka, na wengine wakamfuata kucheka. Muuza chumvi akamuuliza kama ameanza kuuza sharubati.

"Ni mkojo wa mdogo wangu," Mwantumu alijibu, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye duka la baba yake. "Una damu. Na wa mwanao je?"

Muuza chumvi aliacha kucheka, akaanza kupanga vifurushi vyake upya.

Mbele ya zahanati lori la Iringa lilikuwa linapakia magunia. Sanduku la mbao lilikuwa limekwisha kuwekwa ndani, karibu na kiti cha dereva. Bwana Saulo alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye kipandio.

"Shikamoo, bwana," Mwantumu alisema. "Tulikudanganya."

Alimweleza yote. Alimweleza habari za kopo, mtungi na Isakwisa, na akasema chupa ya thelathini na tatu na zilizofuata zilikuwa na maji. Alitaja jina lake mwenyewe, hakutaja la aliyeupanga uongo huo. Bwana Saulo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nimeisafisha hadubini yangu mara tatu jana," alisema. "Nilidhani imeharibika. Halafu nikasema, watoto hawa wanakunywa maji vizuri sana." Akamgeukia dereva. "Niteremshie sanduku langu. Wewe nenda tu."

Ndani ya zahanati alitua hadubini mezani karibu na dirisha. Alidondosha tone la mkojo wa Mrisho kwenye kioo, akatazama kwa muda, kisha akamvutia Mwantumu kigoda.

"Tazama mwenyewe. Naona wewe si mtu wa kuambiwa."

Mwantumu alifumba jicho moja. Mwanzoni aliona mwanga mtupu, halafu akaona vitu vya mviringo mrefu, vikiwa na ncha kali upande mmoja, kama punje za mpunga ambao haujakobolewa.

"Hayo ni mayai," Bwana Saulo alisema. "Ile ncha ndiyo inayomchana ndani, ndiyo maana analia. Mtu akikojoa mferejini, mayai yanaanguliwa. Vijidudu vinaingia kwenye konokono wadogo wa majini, vinazaliana humo, vinatoka, vinatafuta ngozi ya mtu mwingine aliyesimama majini. Vinaingia bila kubisha hodi. Si utu uzima huo. Ni ugonjwa, na ukiachwa unaharibu kibofu na figo. Sasa chupa yako iko wapi?"

"Mimi sina kitu, bwana. Sijawahi kuona damu."

"Sikukuuliza umeona nini. Nimeuliza chupa yako."

Alimpa chupa, Mwantumu akatoka nayo, akarudi imejaa. Bwana Saulo alitazama, akampisha kwenye kigoda. Mwantumu alitazama kwa muda mrefu. Alihesabu punje tatu. Akaogopa kuliko wakati wowote maishani. Alikuwa amepita sokoni akijiona mzima anayemsaidia mgonjwa, kumbe alikuwa amebeba ugonjwa wake mwenyewe mwilini. Na Jumatano aliufunika kwa mkojo wa mtu mwingine, kwa mwandiko mzuri.

"Damu nyingine ni kidogo, jicho haliioni," Bwana Saulo alimwambia kwa upole. "Ndiyo maana nabeba sanduku hili zito nchi nzima."

"Mtafunga mifereji?"

"Nani kakwambia? Mfereji hauna kosa. Tunachotaka kufunga ni mikojo yenu isiingie humo."

Siku ya Ijumaa chupa zilirudi shuleni. Mwalimu Sedekia alikuwa na fimbo mezani, lakini hakuigusa. Aliwaambia kila mtu aliyejaza chupa yake mwenyewe siku ya Jumatano asimame. Alisimama Isakwisa peke yake.

"Wewe ndiye msaliti," Marcelino alimwambia Mwantumu walipotoka nje. "Sindano utakazochomwa zote, ukumbuke ulizitaka."

"Nitazikumbuka," alijibu. "Na wewe utazikumbuka zako."

Wengine walimwita Mama Mkojo, na jina hilo lilidumu karibu mwezi mzima. Isakwisa tu ndiye aliyemsogelea na kumshika mkono. "Ndaga," alisema, yaani asante kwa lugha ya kwao. "Nilidhani nitapasuka."

Walikimbia tena kuuzunguka uwanja, na kila mtu akajaza chupa yake. Katika chupa arobaini na mbili, thelathini na moja zilikuwa na mayai. Ya Marcelino ilikuwa mojawapo. Tisa kati ya wagonjwa hao walikuwa hawajawahi kuona damu hata siku moja. Bwana Saulo aliandika hesabu hiyo katika daftari lake, akaipigia mstari mara mbili. Alimwambia Mwalimu Sedekia kwamba dawa ya Rujewa itafika kwa lori linalofuata. Adhabu ya shule ilikuwa kuchimba vyoo viwili, kimoja pale shuleni na kingine kwenye tuta la mashamba, mahali ambapo watu walizoea kukojoa majini.

Ilibaki nyumba ya Matano. Tangu Alhamisi alikuwa hajasema na binti yake. Jumamosi, saa sita kasoro, Mwantumu aliingia dukani na kuweka chupa tupu juu ya meza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hii nini?"

"Ni yako. Ulisema uliona damu ulipokuwa kijana. Bwana Saulo anasema wadudu hao hukaa mwilini miaka mingi. Na ulisimama mferejini miaka mingi, baba. Kama utaniadhibu kwa kuvunja amri yako, niadhibu, nastahili. Lakini jaza chupa kwanza."

Wateja wawili waliokuwepo walitazama paa. Matano alimkazia macho binti yake, na binti yake hakuyainamisha ya kwake. Aliisogeza chupa karibu zaidi na baba yake.

Matano aliinuka. Akaichukua chupa, akaenda nyuma ya duka. Alikaa huko kwa muda, na Mwantumu alisikia viatu vikizunguka ua, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipotokea alikuwa anahema, kanzu imeshikwa na jasho mgongoni. Chupa ilikuwa mkononi, haina kifuniko wala kitambaa.

Basi mfanyabiashara Matano akapita katikati ya soko la Rujewa, mchana kweupe, akiwa amebeba mkojo wake mbele ya watu wote. Hakuna aliyecheka. Alipofika kwa muuza chumvi alisimama, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na watu wengi.

"Jamani, nisikilizeni," alisema. "Niliogopa kupoteza mfereji, nikamwambia mtoto wangu anyamaze. Nilikuwa tayari mwanangu mwingine aendelee kulia chooni ili mimi nionekane nina nyumba isiyo na mgonjwa. Yule bwana na daftari lake hakupoteza kitu kwa uongo wetu. Angepanda lori akaenda zake. Waliodanganywa ni hawa watoto, na miili yao ilikuwa inaujua ukweli siku zote. Anayetaka dawa iletwe hapa, aende nyumbani, akachukue chupa, ajaze mwenyewe."

Kisha akamgeukia Mwantumu, aliyesimama hatua tatu nyuma yake kama adabu inavyotaka.

"Na wewe, njoo huku mbele. Njia hii unaijua kuliko mimi."

Mwantumu akaja mbele. Wakaendelea pamoja hadi zahanati. Mwantumu alipogeuka kutazama nyuma, aliwaona watu wakiondoka sokoni mmoja mmoja kuelekea makwao. Wa kwanza alikuwa muuza chumvi, naye alikuwa anamwaga chumvi kutoka kwenye chupa yake.